Maswali ya Wasomaji: Vibarua wa Kijapani walizuiwaje Marekani bila sheria?

SWALI: Vibarua wa Kichina walipigwa marufuku Marekani kwa sheria ya 1882. Wajapani hawakufungiwa kisheria hadi 1924. Je, kabla ya hapo waliingia wapendavyo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hata kidogo. Waliozuia walikuwa maofisa wa Japani yenyewe.

Oktoba 1906 bodi ya shule ya San Francisco iliamuru watoto wa Kijapani wahamishiwe shule ya Waasia. Walikuwa 93 tu, lakini Tokyo, iliyokuwa imeishinda Urusi vitani mwaka uliotangulia, haikukubali fedheha hiyo. Rais Theodore Roosevelt akapatanisha: mji ufute amri, Japani izuie vibarua. Mapatano yalifanyika kwa kubadilishana barua za kibalozi, 1907 hadi 1908. Hayakupitishwa na Seneti kama mkataba, ndiyo maana yakaitwa Makubaliano ya Waungwana.

Kazi yote ilikuwa kwenye pasipoti. Kibarua, awe fundi au la, hakupewa pasipoti ya kwenda Marekani bara. Mkazi wa zamani anayerejea alipewa, na vilevile mzazi, mke au mtoto wa aliyekwisha kuhamia huko.

Mwanya wa kwanza ulikuwa Hawaii, visiwa vya Pasifiki vilivyokuwa chini ya Marekani lakini nje ya bara: mtu alichukua pasipoti ya kule, kisha akapanda meli ya California. Huo Tokyo isingeweza kuuziba peke yake. Ulizibwa na amri ya Roosevelt ya Machi 1907, iliyowakataa vibarua wa Kijapani wenye pasipoti za Hawaii, Mexico au Canada.

Mwanya wa pili ulikuwa neno "mke". Kwa sheria ya Japani, ndoa ilikamilika jina la mke likiandikwa katika daftari la ukoo wa mume. Bwana harusi hakulazimika kuwepo. Basi picha zilitumwa, wazazi wakaafikiana, jina likaandikwa, mke akaomba pasipoti. (Picha nyingine zilikuwa za zamani mno, na bandarini ndipo mke alipoujua umri wa mumewe.) Wapinzani wa uhamiaji wa Wajapani walilalamika kwamba huo ni ujanja, ingawa kila hatua ilikuwa halali. Mwaka 1920 Japani ikaacha kuwapa pasipoti wake hao.

SWALI: Canada nayo ilifanya hivyo? (Msomaji huyohuyo)

JIBU: Ndiyo, baada ya ghasia dhidi ya Waasia mjini Vancouver, Septemba 1907. Waziri wa Canada, Rodolphe Lemieux, alikwenda Tokyo, wakakubaliana ukomo wa vibarua na watumishi wa nyumbani 400 kwa mwaka. Mwaka 1923 ukashushwa hadi 150. Marekani haikutaka hata idadi ndogo: sheria ya 1924 iliwakataa kabisa wahamiaji wasiostahili uraia, Wajapani wakiwemo, ilhali mgawo uliotumika kwa mataifa ya Ulaya usingewapa hata nafasi 200 kwa mwaka.