Unataka kufanya projekti ya hipaovali? Anza na x⁶

Kuna wanafunzi wa masta hapa Nairobi hunitafuta WhatsApp wakisema wanataka kufanya jiometri finiti, hasa zile seti za nukta zinazoelezwa na polinomia, sasa waanzie wapi. Mimi nilipitia hapo, so naandika mara moja niwe natuma linki tu.

Kwanza weka penseli ya kuchora chini. Tunafanya kazi kwa bapa la projektivu ambalo kodineti zake zinatoka kwa fildi finiti, yaani seti ya namba q tu unazoweza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Bapa la q=2 lina nukta 7 na linachoreka, la q=4 lina 21 unaweza ukilazimisha, lakini la q=32 lina nukta 1057 na hapo mchoro haukusaidii na chochote. Hipaovali ni nukta q+2 ambazo hakuna tatu zinalala mstari mmoja, na lazima q iwe shufwa. (Ikiwa witiri unaishia q+1, seti hiyo inaitwa ovali, na huko Beniamino Segre alishamaliza kazi 1955, kila ovali ni koniki, yaani mkunjo wa ekwesheni ya digrii 2, basi.) Ukipanga kodineti vizuri hipaovali nzima inaingia kwa polinomia moja f: nukta ni (1, t, f(t)) kwa kila t ya fildi, halafu uongeze (0,1,0) na (0,0,1). Lile sharti la mistari linakuwa sharti la gradienti: simama kwa nukta yoyote kati ya zile za t, gradienti za kwenda kwa zingine za t zote ziwe tofauti, na f yenyewe isirudie jibu.

Sasa kabla ufungue pepa yoyote, chukua daftari ufanye f = x⁶ kwa mkono. Kwa x^k unapima tu ukiwa umesimama kwa 0 na kwa 1, zingine zinafuata zenyewe kwa kuzidisha. Kwa 0 unapata x⁵. Kwa 1 unafungua (x+1)⁶ + 1, na kwa sababu q ni shufwa, 2 (yaani 1+1) ni sifuri huku, inabaki x⁶+x⁴+x², gawanya na x upate x⁵+x³+x. Hiyo ni polinomia ya Dickson (familia maarufu ya polinomia) ya digrii 5, na inajulikana hairudii jibu kama 5 haigawanyi q²−1. Kwa q=8, q²−1 ni 63, sawa. Kwa q=16 ni 255, imekufa. Kwa q=32 ni 1023, imefufuka! Yaani x⁶ inafanya kazi pale q ni 2 kwa kipeo witiri, na umeiona mwenyewe bila kuamini mtu. Mimi hapo ndio hii somo ilinishika, hadi leo sijaona mfano mtamu kuliko huo.

Kitu kingine, usihesabu polinomia ukidhani unahesabu hipaovali. Kwa q=8 kuna x², x⁴ na x⁶ zote zinapita, lakini ukipanga kodineti upya ni hipaovali moja, ile ya koniki na nukta yake ya kati (pale tanjenti zake zote zinakutana), ni kama mtu mmoja mwenye laini tatu za simu. Ukiwa na k, pia 1/k, 1−k, 1/(1−k), k/(k−1) na (k−1)/k ni yeye yule, ukihesabu kwa modulo q−1. Lakini kwa q=32 x⁶ ni mgeni kabisa, si koniki tena.

Orodha kamili ya hipaovali zilizo tofauti kweli ni fupi ajabu: hadi q=8 ni moja moja, 16 ziko mbili (ya pili ni ya Lunelli na Sce, 1958, kompyuta ilihusika), 32 ziko sita (Penttila na Royle, 1994), na 64 ziko nne. Kwa hivyo usimwahidi supavaiza utaainisha zote za 128, utazeeka hapo.

Lakini za x^k peke yake kwa 128 inawezekana kabisa. Kipeo lazima kiwe shufwa, so ni 63 tu za kupima, kutoka 2 hadi 126, na 127 ni namba tasa kwa hivyo x^k na x^(k−1) hazikusumbui, unabaki kupima ile ya kusimama kwa 1. Sage, programu ya hesabu, ni ya bure na laptopu kuukuu inatosha, hata stima ikipotea betri itamaliza. Zikishapita zipange kwa zile fomula sita, halafu uandike ni ngapi zimebaki na kila moja inatoka kwa familia gani.