Maswali ya wasomaji: Kabla hujang'oa injini, chungulia sakafu

Barua nyingi za safari hii zinauliza nguvu za injini. Breki hazikutajwa hata mara moja. Nitajibu mlichouliza, na breki nitazileta mwenyewe.

Swali: Injini gani ni nzuri kuweka kwenye gari la zamani la michezo?

Gari gani? La mwaka gani? La kutembelea au la kukimbizia mashindanoni? Swali hili hunifikia kila mara likiwa uchi namna hii. Fundi atakayekujibu bila kukuuliza hayo matatu usimwachie funguo.

Swali: Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972. Injini imechoka, inakula oili. Nimepata RB26 na marafiki wananisukuma niiweke. Unanishauri nini?

Asante kwa kutaja kila kinachohitajika. RB26DETT ni injini ya Nissan Skyline GT-R iliyotoka 1989: silinda 6, lita 2.6, turbo mbili, nguvu zilizotangazwa ni za farasi 280. L24 yako, yaani injini ya kiwandani ya 240Z, ilitangazwa kuwa na takriban 150. Unataka kuweka karibu mara mbili ya nguvu ndani ya bodi iliyochorwa miaka ya 1960. Kuingia itaingia, wengi wameshaifanya kazi hiyo. Lakini GT-R huendesha magurudumu yote manne, na difu yake ya mbele (mtambo unaogawa nguvu kwa magurudumu) imejengwa pamoja na sampu, bakuli la oili chini ya injini. Sampu hiyo lazima ibadilishwe. Giaboksi yake nayo imebeba mtambo wa kupeleka nguvu mbele ambao wewe huna kazi nao. Ukifika nyuma unakutana na difu ya R180, iliyowekwa pale kwa ajili ya L24. Wanaoongeza nguvu huhamia R200, difu iliyo imara zaidi, na wana sababu.

Hayo ni ya injini tu. Sasa ingia chini ya gari na taa na bisibisi. Chokonoa sakafu, chokonoa mihimili inayopita chini yake, kisha mahali inapokaa betri, ambapo 240Z huoza kwa sababu tindikali hudondokea hapo miaka nenda miaka rudi. Bisibisi ikizama, habari ya injini iahirishwe mpaka chuma kipya kichomelewe. Halafu breki. Gari lako lina diski mbele na dramu nyuma. Mzigo wa breki haupandi sawasawa na mwendo, hupanda kwa mraba wake: ukitoka kilomita 100 kwa saa ukafika 140, joto ambalo breki zinapaswa kulimeza linakaribia kuwa maradufu. Wengi hudhani ni asilimia 40 zaidi, wakaishia kwenye mtaro.

Ningekuwa wewe ningetafuta L28, lita 2.8. Ni ukoo mmoja na L24, inakaa kwenye mauntingi zilezile na inashika giaboksi ileile. Ikifanyiwa ovahoo na fundi makini utapata gari lenye kasi ya kukuridhisha, na uzito utabaki pale walioliunda walipoukusudia. L24 yako usiiuze kama chuma chakavu. Namba iliyogongwa kwenye bloku ni sehemu ya historia ya gari hilo, na siku ukitaka kuliuza mnunuzi anayejua ataiulizia. Tia oili kwenye silinda, ziba matundu yote, iweke pakavu. RB26 mpe mwenye Skyline.

Swali: Je, V8 (injini ya silinda 8) si nzito mno kwa gari dogo?

Inategemea imetengenezwa kwa nini. MGB GT V8 ya 1973 ilipewa injini ya Rover ya lita 3.5 ya aluminiamu, na injini hiyo haikuwa mzigo kuliko ile ya chuma ya lita 1.8 yenye silinda 4 iliyoitangulia. Uliza uzito wa injini ikiwa kamili, na giaboksi yake, kabla ya kuuliza idadi ya silinda. Wa kujifunza kwake ni AC Cobra. Mwaka 1962 Carroll Shelby aliweka V8 ya Ford ya lita 4.3 kwenye gari jepesi la Kiingereza, likakubali. Walipotaka kuweka ya lita 7, chesisi ilibidi ichorwe upya: mabomba yakanenepa, na springi za majani zikapisha springi za koili. Wale walikuwa na wahandisi, na bado hawakuthubutu kuitumbukiza tu.

Pima pia nafasi ya mkono wa fundi. Kwenye Sunbeam Tiger ya 1964, gari dogo lililotiwa V8, plagi moja ya nyuma hufikiwa kwa kupitia tundu kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva.

Swali: Tangi la mafuta limetoboka. Nikiliosha vizuri kwa maji naweza kulichomelea?

Hapana. Mvuke wa petroli hubaki kwenye mikunjo ya tangi hata baada ya kuoshwa, na cheche moja inatosha kukuua wewe na aliyesimama karibu nawe. Badilisha tangi. Na kwa kuwa umeshika mashine ya kuchomelea: dawa za kusafishia breki zenye klorini zikipatwa na joto la kuchomelea hutoa gesi ya fosjini, ambayo ni sumu. Chuma ulichokisafisha kwa dawa hiyo usikiguse na moto.

Swali: Nataka matairi mapana. Fundi anakata madigadi ya nyuma, anafunga faibaglasi kwa ribiti, kisha anaziba kingo kwa puti. Ni sawa?

Kukata na kufunga kwa ribiti kunakubalika. Puti hapo haikubaliki hata kidogo. Akira Nakai wa Japani amejulikana duniani kwa kukata Porsche 911 na kuzipa madigadi mapana, na wanaomwiga hutazama picha ya gari likiwa limekamilika tu. Digadi la nyuma lina bati la nje na bati la ndani, na maungio yao ndiyo yanayolipa nguvu upande ule. Fundi akikata ameyaondoa. Anatakiwa akate bati la ndani vipande vipande, avikunje kuelekea nje, avichomelee kwenye bati la nje mpaka mwanya wote ufungike, apake praima ya epoksi, kisha atie dawa ya kuziba maungio. Ndipo faibaglasi ifuate. Puti ya poliesta hunywa maji, na ikiwekwa juu ya chuma kilichokatwa inaikaribisha kutu chini ya rangi mpya. Kazi yake ni kulainisha uso kwa unene wa milimita chache. Nenda na sumaku ndogo siku ya kuchukua gari: isiponata, ulichonunua ni puti.

Kabla ya kulipia rimu, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote gari likiwa limebeba watu, uone kama tairi linagusa. Rimu inayotokea nje sana huzielemea beringi pia.

Na neno ambalo hukuliuliza. Kama bodi ni ya kiwandani na haijawahi kukatwa, nakuomba uiache. Tafuta iliyokwisha kugongwa, ukate hiyo. Magari mazima yanapungua kila mwaka na hakuna anayeyatengeneza tena.

Swali: Spoila kubwa ya nyuma itaongeza kasi?

Haitaongeza. Mkia mdogo wa Porsche 911 Carrera RS 2.7 uliwekwa ili sehemu ya nyuma isinyanyuke kwenye mwendo mkali. Ukiongeza nyuma bila kufanya kitu mbele, usukani utakuwa mwepesi pale unapouhitaji uwe mzito.

Swali: Vipi nikiweka mota ya umeme?

Kwa bodi iliyokwisha kupoteza injini yake, sina pingamizi, mradi betri zifungwe na mtu aliyesomea umeme wa volti mia kadhaa. Ila ujue kwamba FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, halilihesabu gari kama hilo kuwa la kihistoria.

Swali: Nimebadilisha injini. Kwenye foleni gari linachemka, barabara kuu linatulia. Fundi ametoa themostati (vali inayodhibiti maji ya kupozea injini) lakini tatizo liko palepale.

Mwambie airudishe leo. Gari linalotulia likikimbia lina rejeta inayotosha. Linachokosa likisimama ni upepo. Angalia feni: inazunguka upande sahihi? Inavuta, au inasukuma kinyume na upepo wa safari? Ina kava linaloilazimisha kuvuta hewa kupitia rejeta nzima, au inavuta duara moja katikati? Kisha tazama hewa ya moto inatokea wapi. Injini kubwa imejaza nafasi yote, na bomba za ekzosi zinachoma humohumo. Gari likichemka barabarani na kutulia kwenye foleni, hapo niandikie tena, tutazungumza rejeta na mipira ya maji inayojibana.