Kichwa cha cherehani

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: mtu mzima aliyetenda kosa akubaliwe kumalizana na aliyemkosea badala ya kushtakiwa? Nasema akubaliwe, mradi yule aliyekosewa awepo kikaoni mwenyewe na aseme kwa kinywa chake. Mimi ni fundi wa nguo Likoni, Mombasa, na haya yalinipata.

Mwaka juzi kijana wa jirani, mtu wa miaka 26, alinivunjia kibanda usiku. Meza ya cherehani aliiacha, akaenda na kichwa. Siku ya pili kichwa kikaonekana kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kijana akashikwa, nami nikamshukuru Mungu. Kumbe nilikuwa nimewahi mno kushukuru. Kichwa kiligeuka kielelezo, yaani ushahidi wa kortini. Kikaandikwa namba kwa rangi nyeupe, kikafungiwa stoo kituoni, mimi nikabaki na meza. Mara nne nilivuka feri kwenda kortini: mara moja faili haikuonekana, mara moja hakimu hakuwepo, mara mbili askari aliyetakiwa kutoa ushahidi hakufika. Idi ilikuwa inabisha hodi, na kila fundi anajua Idi ni nini. Wateja wangu nikawaelekeza kwa wenzangu, huku roho inaniuma. Halafu kesi yenyewe iliitwa Jamhuri dhidi ya fulani. Mimi niliyeibiwa nilikuwa shahidi tu.

Kijana alikuwa nje kwa dhamana. Mamake akamwomba mzee wa mtaa atukalishe, tukakaa jamvini kibandani kwangu Jumapili baada ya alasiri. Mzee akafungua kwa "yaliyopita si ndwele". Nikamkatiza: "Mzee wangu, hayajapita. Kichwa kiko polisi." Watu wakacheka, kijana naye akacheka, kisha akaona haya. Nikamhesabia nguo 14 za Idi zilizonipita, moja baada ya moja, ya nani na ya kitambaa gani. Alikuwa anaitazama ile meza yenye tundu katikati. Akasema yeye aliona chuma tu. Aliuza kwa shilingi 1,800. Nilimwamini, na ndipo hasira zikanipanda zaidi. Tukaandikiana: shilingi 12,000, atoe 600 kila Ijumaa, nakala moja akae nayo mzee.

Kortini niliomba kuondoa malalamishi chini ya kifungu cha 204 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai. Hakimu aliniuliza mara mbili: umetishwa? Umelazimishwa na jamaa? Nikajibu la, akaruhusu. Swali lile lilinipendeza kuliko mambo yote niliyoyasikia katika jengo lile.

Msomaji asidhani ni mambo ya vijiweni. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 159, inaziambia mahakama zikuze upatanisho na njia za jadi za kusuluhisha. Kifungu cha 176 cha sheria ile niliyoitaja kinampa hakimu nafasi ya kupatanisha watu katika kesi kama za kupigana, zisizokuwa nzito. Na mwaka 2020 Idara ya Mahakama ilizindua sera nzima ya mifumo mbadala ya haki.

Ninaposimama ni hapa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu Nairobi ilikubali kesi ya mauaji iondolewe kwa sababu familia mbili zilikuwa zimeshapatana kwa mila, na fidia ya ngamia na mbuzi imetolewa. Waliofiwa walikuwa na haki ya kusema, sikatai. Lakini aliyeuawa hakuulizwa, wala hakuna wa kumwuliza. Mimi nisingeiondoa.

Na kuna lile linalonitoa machozi, tunaloliita kumaliza nyumbani. Mtoto wa miaka 13 ananajisiwa, wazee wanakaa, babake anapokea bahasha, mtoto anapelekwa kwa shangazi bara. Kikaoni hakuitwa. Pesa hakuziona. Mkosaji naye anapita njia ileile kila siku na kanzu yake imenyooshwa. Hiyo naiita biashara, na bidhaa ni mtoto. Kwa kosa hilo Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inataka kifungo kisichopungua miaka 20, na si baba wala polisi mwenye ruhusa ya kuisimamisha kesi. Uamuzi ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mzee wa mtaa atakayelikalia jamvi la namna hiyo, naye ashtakiwe.

Mtauliza kama kijana alilipa. Alitoa Ijumaa 14 bila kukosa, kisha akapata kibarua Mtwapa, na 3,600 bado ziko kwake. Kichwa nilikirudisha mezani siku ileile nilipopewa, na ile namba nyeupe sijaifuta. Kijana akija kwa mamake hupita kibandani. "Shikamoo, mama." Namwitikia marahaba, halafu namwuliza leo ni siku gani.