Kupima mnara bila kuupanda

Ndugu, umeuliza kama inafaa kuweka uwezo wa kupima kutoka mbali katika minara yenu ya 4G, ilhali sasa kila hitilafu humlazimu fundi kusafiri na kupanda mnara. Inafaa, lakini kabla ya kununua chochote tumieni vilivyomo: redio nyingi za kisasa, yaani vifaa vya mnarani vinavyorusha na kupokea mawimbi, hupima zenyewe nguvu inayorudishwa na antena, na uwiano wa mawimbi simamo (namba inayoonyesha ukubwa wa nguvu hiyo inayorudi) ukipanda kutoka 1.2 hadi 1.8 baada ya mvua, shukuni kwanza maji katika kiungio cha kebo. Ucheleweshaji na upotevu wa pakiti (vipande vya data vinavyosafirishwa mtandaoni) hupimwa kwa TWAMP, itifaki ya kupima safari ya pakiti kwenda na kurudi kati ya vifaa viwili, iliyosanifiwa mwaka 2008.

Ninalosisitiza zaidi ni njia ya kuvifikia vipimo hivyo, kwa sababu ikipita katika kiungo kilekile kinachopimwa, yaani njia ya mawasiliano kati ya mnara na mtandao wenu, kiungo kikikatika mnabaki vipofu. Wekeni modemu ndogo yenye laini ya mtandao mwingine na betri yake. Nimewahi kukuta modemu kama hiyo imechomekwa kwenye umeme uleule wa redio, vikazimika pamoja. Njia hiyo ya kuingilia nayo ilindwe kwa vyeti vya kidijitali vinavyothibitisha anayeingia ni nani, maana anayeweza kupima redio kutoka mbali aghalabu anaweza pia kuizima.