Maswali ya Wasomaji: Kuagiza Samaki Wakavu kutoka Nje

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha biashara ndogo ya vyakula na ninakusudia kuagiza kutoka nchi nyingine samaki waliokaushwa juani, pamoja na maboksi machache ya samaki wa moshi na unga wa samaki. Muuzaji ananihimiza nitume fedha yote sasa, akisema kwamba makaratasi tutayashughulikia mzigo ukishafika bandarini. Wakala wangu wa forodha naye ananiambia nisihofu kwa kuwa ushuru wake si mkubwa. Je, niwasikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, wakala wako anaweza kuwa na haki kuhusu ushuru, lakini ushuru ndiyo sehemu nyepesi ya safari hii. Muuzaji ndiye anayekupeleka pabaya. Samaki ni chakula kinachotokana na wanyama, na kwa sababu hiyo katika nchi nyingi forodha hairuhusiwi kuachilia mzigo, hata kama kodi zote zimelipwa, mpaka mamlaka ya usalama wa chakula au ya mifugo na uvuvi iwe imeridhika. Mara nyingi mamlaka hiyo hudai cheti cha afya kilichotiwa saini na mkaguzi wa serikali ya nchi wanakotoka samaki. Mkaguzi huyo anathibitisha kwamba samaki waliandaliwa katika kiwanda kinachosimamiwa na kwamba shehena hii mahususi ilikuwa chini ya uangalizi wake, jambo asiloweza kulithibitisha kontena likiwa tayari baharini. Kwa hiyo kanuni ya kawaida ni kwamba cheti hutolewa kabla ya mzigo kuondoka, na anayekisubiri bandarini huishia kulipia gharama za uhifadhi, kisha gharama za kurudisha mzigo au kuuteketeza.

Masharti hutofautiana kati ya soko na soko. Umoja wa Ulaya hupokea samaki kutoka nchi na viwanda vilivyomo katika orodha zake tu, na kwa samaki wa baharini waliovuliwa hudai pia cheti cha uvuvi chini ya Kanuni namba 1005 ya mwaka 2008, iliyoanza kutumika 2010 ili kuzuia uvuvi haramu. Marekani ina mkondo mwingine: kiwanda lazima kiwe kimesajiliwa, ilani itolewe kabla ya mzigo kuwasili, na mwagizaji mwenyewe awe na ushahidi kwamba mzalishaji anafuata mfumo wa HACCP, yaani utaratibu wa kutambua hatari na kuzidhibiti katika kila hatua ya kazi. Hatua yako ya kwanza, basi, ni kuiandikia mamlaka ya nchi unakoingiza mzigo, uulize kama kibali cha kuingiza kinahitajika na upate mfano wa cheti wanachokikubali, kisha umpelekee muuzaji mfano huo. Asipoweza kukipata, tafuta muuzaji mwingine.

Kwa upande wa forodha, usikubali bidhaa zako zote ziandikwe kwa pamoja kuwa “samaki wakavu”. Katika mfumo wa HS wa Shirika la Forodha Duniani, yaani orodha ya namba za kuainisha bidhaa, samaki waliokaushwa na samaki wa moshi wote wako chini ya namba 03.05, ila vijifungu vyao ni tofauti na viwango vya ushuru vinaweza kutofautiana. Unga wa samaki unaofaa kuliwa na binadamu ulihamishiwa 03.09 katika toleo la 2022, kamba wakavu wako 03.06, na samaki waliokaangwa huangukia 16.04. Ankara, orodha ya vifungashio, hati ya shehena na cheti cha afya lazima vitaje uzito uleule, namba zilezile za fungu la uzalishaji na jina lilelile la samaki, ikiwezekana pamoja na jina lake la kisayansi. Ukiagiza papa, jihadhari zaidi, kwa maana jamii nyingi za papa zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na nyama yao kavu haivuki mpaka bila kibali cha mkataba huo.

Sasa tuje kwenye usalama wenyewe, ambao kwa maoni yangu waagizaji wengi huuchukulia kijuujuu kwa kudhani kwamba kikishakauka kimeshapona. Kukausha huzuia vijidudu visiendelee kuzaliana, lakini hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa. Jodari, vibua na samaki wa jamii ya sadini wakikaa kwenye joto kabla ya kukaushwa hujenga sumu iitwayo histamini, nayo haiondolewi na jua, moshi wala kupikwa. Kiwango cha Codex Alimentarius, yaani mkusanyiko wa viwango vya kimataifa vya chakula, kwa samaki wa moshi wa jamii hizo hakiruhusu zaidi ya miligramu 200 kwa kilo moja. Matumbo nayo ni hatari inayojitegemea, kwa sababu bakteria wa Clostridium botulinum, wanaotoa sumu kali, huweza kukaa humo. Ndiyo maana Marekani hukataa samaki waliokaushwa au kutiwa chumvi bila kutolewa matumbo ikiwa wana urefu unaozidi sentimita 12.7.

Kwa samaki wa moshi, omba vipimo vya masizi yenye kemikali zinazohusishwa na saratani, hasa benzopirini, kwa kuwa kuni na tanuri duni huzizidisha. Omba pia vipimo vya mabaki ya viuatilifu: wapo wanaonyunyizia samaki dawa za wadudu zisizokusudiwa chakula ili kufukuza inzi na mende, na kosa hilo halionekani kwa macho wala halinuki. Majibu yote ya maabara yataje namba ya fungu unalonunua, kwa maana karatasi ya mwaka jana haisemi lolote kuhusu mzigo wa leo. Kuhusu fedha, lipa sehemu tu ya bei, na mkataba useme kwamba salio litalipwa baada ya kuona nakala ya cheti cha afya na majibu ya maabara.

SWALI: Je, nikibeba samaki wakavu wachache kwenye begi langu la safari kwa matumizi ya nyumbani, nahitaji pia vyeti hivyo?

JIBU: Inategemea unakokwenda. Umoja wa Ulaya humruhusu msafiri kuingia na bidhaa za samaki hadi kilo 20, au samaki mmoja hata akizidi uzito huo, kwa matumizi yake binafsi bila cheti cha afya. Ruhusa hiyo haigusi viumbe wanaolindwa na CITES. Popote uendako, watangaze kwa ofisa wa forodha hata kama una hakika kwamba wanaruhusiwa, kwa kuwa chakula kilichotangazwa kikikataliwa kwa kawaida huchukuliwa tu, ilhali kilichofichwa huweza kukutoza faini.