Gari Haivuti Mlimani? Pima Kabla Hujakata Eksozi

Kuna maneno nasikia kila nikikaa gereji, iwe Kirinyaga Road ama Industrial Area, ati injini lazima iwe na bakipresha ndio ivute. Bakipresha ni ile presha inajijenga kwa eksozi moshi ukikosa njia nzuri ya kutoka. Niseme wazi, injini ya kawaida ya petroli haifaidiki na hiyo kitu hata kidogo. Halafu kuna wale wa upande wa pili, toa kila kitu, weka paipu nene moja mpaka nyuma, gari itapaa. Wote wanakumalizia pesa.

Iko hivi. Pistoni ikipanda kusukuma moshi nje na njia imebanwa, injini inatumia nguvu yake yenyewe kusukuma, na mbaya zaidi moshi mwingine unabaki kwa silinda na pale umebaki hewa mpya haina pa kuingia, basi gari inakuwa nzito. Kitu injini inapenda ni moshi utoke kwa kasi. Valvu ya eksozi ikifunguka moshi unatoka kwa kishindo na nyuma yake presha inashuka, sasa kuna kamuda kadogo sana valvu ya kuingiza na ya kutoa zote ziko wazi kidogo, hapo ndio ile presha ya chini inavuta moshi uliobaki na hata kuanza kuvuta hewa mpya. Paipu ikizidi unene moshi unapoa, unapunguza kasi, mvuto unakufa, na utaisikia zaidi kwa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) za chini, zile tunaishi nazo kwa jam ya Mombasa Road. Ndio maana mtu anaweka paipu ya inchi tatu kwa kagari ka 1000 cc, kananguruma kama nganya lakini kakitoka kwa bampu hakana kitu.

Lakini shida kubwa ya gari zetu ni kuziba. Nyingi zimetumika Japani kwanza, zinakuja na katalitiki, kile kikopo kwa eksozi kinachosafisha moshi, na ndani yake kuna masega ya vishimo vidogo vidogo. Plagi ama koili ikianza kumisi, yaani kukosa kuwasha mafuta, petroli ambayo haikuchomeka inaenda kuchomekea huko ndani, joto linapanda mpaka masega yanayeyuka. Injini inayokula oili pia inayaziba, polepole.

Gari ya dada yangu ilikuwa hivyo. Town iko sawa kabisa, lakini ukishika Waiyaki Way kupanda kuelekea Limuru unakanyaga mafuta mpaka mwisho na RPM hazipandi, malori yanakuhesabia, na sakafu inapata moto chini ya miguu. Walikuwa wameshabadilisha pampu ya mafuta, wameosha nozo, na fundi alikuwa na grinda mkononi tayari kukata katalitiki. Nikaomba tupime kwanza.

Kipimo rahisi ni geji ya vakiumu, inayopima injini inavuta hewa kwa nguvu gani, unaiunganisha kwa paipu ndogo ya mpira inayotoka intek manifoldi, zile njia za kuingiza hewa kwa injini. Vitabu vinasema injini nzima ikiwa sailensa, yaani inanguruma tu bila kukanyaga mafuta, isome inchi za zebaki 17 hadi 21. Hizo ni namba za pwani jamani! Nairobi tuko juu, kama mita 1,700, hewa ni nyepesi, na geji inapungua kama namba moja kila futi 1,000, kwa hivyo hapa 12 hadi 16 ni afya tu na usikubali mtu akufungulie injini kwa sababu imesoma 14. Sasa pandisha mpaka RPM 2,500 na ushikilie hapo. Mshale utaanguka kidogo kisha urudi. Ukiona unaendelea kushuka polepole na mguu wako haujasonga, moshi unakosa njia. Kuhakikisha, toa sensa ya oksijeni ya mbele, ile iko kwa eksozi kabla ya katalitiki, na uweke geji ya presha kwa hilo shimo: kwa hiyo 2,500 isizidi kama psi 3. Ya gari ya dada ilipita mbali. Kufungua tukapata masega yameyeyuka, na koili moja imekufa. Hiyo koili ndio mchawi, ungeweka katalitiki mpya ukaiacha, ungerudi hapo tena.

Kukata na kuchomelea paipu tupu mimi siwezi kukushauri. Taa ya injini itawaka kwa sababu sensa ya nyuma inaangalia kazi ya katalitiki, na ule moshi mchafu unaingia kwa mapafu ya watoto wanaotembea kando ya barabara kwenda shule, hiyo inaniuma sana. Na ukibadilisha, dai ile ya zamani. Ndani kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, ina wanunuzi, na gereji nyingi hazikuambii.

Fundi akimaliza kuchomelea, washa gari ikiwa baridi, ziba mdomo wa eksozi kidogo tu na kitambaa kinene, usikilize huko mbele. Ukisikia tss tss kabla ya sensa ya kwanza mrudishie hapo hapo, kwa sababu huo mwanya unavuta hewa, sensa inadhani mafuta ni kidogo, kompyuta inaongeza, na moshi wenyewe unaweza kuingia mahali mmekaa.