Kabla mgonjwa wako hajachukuliwa kinyama, ulizeni kwanza kichupa

Jamani naandika hii maana sisi tulipoteza wiki kibao kwa ajili ya kichupa tu. Mama hajawahi kuvuta sigara, alianza kukohoa tukaambiwa TB, akameza dozi na kikohozi kiko palepale, CT scan ndo ikaonyesha uvimbe kwenye pafu na madoa kwenye ini, yaani ilishasambaa. Daktari akasema achukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe maabara.

Ndugu wakakataa, eti kansa ikiguswa na chuma inakimbia mwili mzima. Nawaelewa, wengi tunafika hospitali tumechelewa, mtu akichomwa leo akafariki baada ya miezi miwili lawama zote zinaangukia sindano. Lakini bila kinyama daktari anatibu kwa kukisia.

Basi akachomwa katikati ya mbavu, vikatoka vipande viwili vyembamba kama tambi zilizokatika, vikawekwa kwenye maji ya dripu, nikapewa kichupa nipeleke maabara mwenyewe. Ijumaa jioni, pamefungwa. Nikakiweka kwenye friji mpaka Jumatatu nikijua nafanya la maana. Majibu yakatoka: nyama imeharibika, haisomeki. Nililia sana, mama akachomwa upya.

Kwa hiyo ulizeni hapohapo, humu ndani ni formalini, ile dawa ya kuzuia nyama isiharibike, au ni maji tu? Na kinapokelewa leo? Halafu mwambie daktari mapema kabisa kwamba mnataka na kipimo cha jeni, kile cha kuangalia mabadiliko ndani ya kansa ili ijulikane dawa gani inafaa, atoe vipande vya kutosha, maana kidogo kinaishia kwenye kutambua aina ya kansa na cha jeni hakibaki. Kinyama kikishagandishwa kwenye nta wanaita bloku, hiyo inakaa miaka na inasafirishwa, ya mama ilienda India. Ulizeni imehifadhiwa wapi, msikubali ipotee.

Ya mama ikasoma mabadiliko kwenye jeni ya EGFR, ambayo yanaonekana zaidi kwa wasiovuta sigara, na yana vidonge vyake kama gefitinib, erlotinib na osimertinib, ndo maana hakuanzishiwa kemo. Ila ulizeni bei ya dawa na kama bima inalipia kabla hamjamaliza hela kwenye kipimo, kipimo unalipa mara moja, kidonge ni kila siku.

Mdogo wangu aliogopa akauliza na sisi tunayo? Kwa EGFR mara nyingi mabadiliko yametokea kwenye uvimbe wenyewe, hayarithiwi. Mabadiliko ya jeni za BRCA, zile za kansa ya matiti na ovari, ni habari nyingine, ile ikikutwa kwenye damu ya mzazi hata watoto inabidi waongee na daktari kuhusu kupima.

Tena vidonge hivi havimalizi ugonjwa, vinaubana, na ipo siku ugonjwa unavizoea, hapo watataka kinyama kingine au wakati mwingine damu tu. Watauliza majibu ya zamani, na faili za hospitali mnazijua wenyewe, kwa hiyo piga picha ripoti nzima. Ya mama ninayo kwenye simu, nimezungushia namba ya bloku kwa rangi nyekundu.